Ghala la Barafu la Nasugruk

Nina blanketi, lakini halimpi mtu joto, linatunza baridi. Ni nini? Fikiri, mjukuu wangu. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni zulia la mimea, lile laini linalotambaa juu ya ardhi yetu iliyoganda. Kwetu hakuna mti. Zulia hilo ndilo kivuli chetu.

Nasugruk, nahodha wa wawindaji wa nyangumi, hakulijua fumbo hilo. Sisi husema nyangumi hujitoa kwa mwenye ghala safi. Basi kiangazi kimoja alisafisha ghala lake la chini ya ardhi, lililochimbwa ndani ya barafu, akapitiliza. Alikwangua mimea yote mlangoni, ukabaki udongo mweusi. Taqulik, mkewe, alimsifu.

Mwaka uliofuata walipata nyangumi, wakajaza ghala nyama ya karamu ya kijiji. Siku tatu kabla ya karamu, Taqulik alishuka ngazi akakanyaga maji. Nyama ya juu ilikuwa ikibonyea kwa kidole.

Wakamwita jirani yao, mzee Aaluk, mchimbaji wa maghala. Aliinama mlangoni, akagusa udongo mweusi.

"Nani amenyoa hapa?"

"Mimi, mzee. Nilisafisha."

"Ulisafisha au ulichuna? Udongo mtupu hunywa jua. Joto lake likipenya chini, barafu inayeyuka."

Nasugruk akasema nyama haina harufu, labda ikichemshwa itafaa. Mzee akakataa. Nyama iliyopata joto yaweza kuwa na sumu bila kunuka, akasema, na imeshazika watu. Iliwe ile ya chini tu, iliyo ngumu kama jiwe.

Taqulik akamgeukia mumewe. "Na watu, utawaambia?"

Nasugruk akachukua ndoo. Alichota maji yote. Nyama laini aliitupa mahali ambapo hata mbwa hawafiki. Akarudisha mabonge ya mimea, akayabananisha, akafunga mfuniko. Mzee alimwagiza aufungue wakati wa baridi kali tu, ghala livute baridi. Alifanya hivyo, na kiangazi kilichofuata kuta zilimeta barafu tena.

Lakini karamu haikungoja barafu. Siku ya tatu watu waliketi kwa duara, mabeseni magotini. Bibi Ivalu alipokea kipande chake, akakigeuza huku na huku.

"Nahodha, hiki ni cha kuonja? Au mmetanguliza matumbo yenu?"

Watu wakacheka. Nasugruk aliweka kisu chini. Akamtazama mkewe, kisha akawageukia watu.

"Nusu ya nyama yenu iliharibika, bibi. Niliiharibu mimi, kwa mikono yangu."