Kadi ya Adolphine

Msichana alikuwa amelazwa chali sakafuni, kando ya mashine ya kukandamiza maboksi, na mtu alikuwa amemfunika uso kwa aproni. Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumanne ya Julai 2015, katika kiwanda kimoja cha Jeffersontown, nje kidogo ya Louisville. Inspekta Jemutai alichuchumaa akasoma kadi ya kazi iliyovaliwa kwa kamba shingoni: Adolphine Byamungu. Alizaliwa Januari mosi, 1993.

Miaka ishirini na miwili. Jemutai aliinua aproni, akautazama ule uso, akaishusha taratibu. Alikuja Marekani kutoka Eldoret kusoma, akaishia kuokota maiti za watu, na kwa miaka kumi na mmoja hajazoea.

"Nani amemsogeza?"

"Mimi." Aliyejibu alikuwa Rutebuka, msimamizi wa zamu, Mkongomani wa makamo. "Bon, Inspekta, huwezi kuacha mutu anabanwa."

"Na mashine imeoshwa na nani?"

"Ile iko usafi ya kila siku."

"Katikati ya zamu?"

Rutebuka alirudi nyuma hatua moja. Funguo zake zilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa wazi, hakina kamba.

Jemutai aliizunguka mashine. Bamba lake halishuki mpaka mtu abonyeze vitufe viwili kwa pamoja, kimoja kulia na kingine kushoto, makusudi mikono yote iwe mbali. Lakini mkono wa kushoto wa marehemu ulikuwa umesagwa hadi begani.

"Kama mikono yote ilikuwa kwenye vitufe, huu ulifikaje chini ya bamba?"

"Labda masini iliharibika."

Kwenye skrubu ya kitufe cha kushoto zilikuwa zimenasa nyuzi mbili, moja zambarau, nyingine njano. Jemutai alizitoa kwa kibanio, akazitia kwenye mfuko wa ushahidi.

Mchana, mochwari, Daktari Karimi hakupoteza muda. Alikuwa Mmeru, mpasuaji maiti wa jimbo, na Kiswahili chake alikitunza kwa siku mbaya.

"Huyu si wa ishirini na miwili, Jemu."

"Najua."

"Mifupa ya kifundo cha mkono bado haijaungana. Kumi na mitatu. Kumi na minne nikikuhurumia."

"Nipimie mikono. Ncha ya kidole hadi ncha ya kidole."

Karimi alipima. Sentimita mia moja thelathini na tatu. Kutoka kitufe hadi kitufe, kule kiwandani, zilikuwa mia moja na arobaini.

"Hakuvifikia," Karimi alisema.

"Mtu alikifunga kimoja kwa kitambaa kikae kimebonyea, ili yeye abonyeze kile kingine tu. Bamba likashuka na mkono wake mwingine uko ndani."

Karimi alivua glavu. "Binti yangu ana kitabu cha historia chenye picha za watoto wa viwanda vya pamba, miaka mia iliyopita. Wanafundishwa kwamba yalikwisha."

Yalikwisha. Mwaka 1938 ilipitishwa sheria ya kuzuia ajira ya watoto, wakubwa wakapeana mikono, na tangu siku hiyo nchi nzima imekuwa ikijipongeza. Ila sheria ile huuliza karatasi. Haiulizi mifupa. Mtoto mwenye karatasi ya mtu mzima ni mtu mzima, mpaka alale juu ya meza ya Karimi.

Jioni mchungaji wa kanisa la marehemu alipiga simu. Mazishi yalikuwa Jumamosi, na cheti cha kifo kilitaka jina. Jemutai alihesabu siku. Asipoupata ukweli kabla ya hapo, mtoto huyu angezikwa kwa jina la mtu mwingine, na huyo mwingine, kama yu hai, angekuwa marehemu katika vitabu vya serikali.

Jumatano alikwenda kwenye matanga, katika ukumbi wa kanisa. Mama wa marehemu, Mukabutera, mfagizi wa hoteli, alikuwa ameketi mkekani akilia kwa sauti iliyokwisha kukauka.

"Kitindamimba changu. Kitindamimba changu, unaniacha na nani?"

Jemutai alisimama mlangoni. Katika faili la ukimbizi, Adolphine alikuwa kifungua mimba. Mtoto wa pili na wa mwisho, Jolie, alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Alipiga magoti kando yake. "Pole sana, mama. Jolie yuko wapi?"

Kilio kilikatika.

"Alienda kutembea kwa dada yake."

"Dada yake ndiye aliyekufa."

Mukabutera aliutazama mkeka. Wanawake waliomzunguka wakaanzisha wimbo, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na Jemutai akaelewa kwamba ukumbi mzima unajua.

Ukutani ilitundikwa picha ya kwaya. Wanawake walivaa kitenge cha zambarau chenye ndege wa njano. Kiongozi alisimama mbele, funguo za kiwanda shingoni, zimefungwa kwa utepe wa kitenge kilekile. Rutebuka.

"Kiongozi wenu yuko wapi leo?"

"Ameenda Buffalo kwa kaka yake," bibi mmoja alijibu. "Anasema roho yake imechoka."

"Hata yangu," Jemutai alisema.

Alhamisi aliwaomba polisi wa Buffalo wamshikilie Rutebuka, akashika barabara ya kaskazini. Columbus ilikuwa njiani. Katika nyumba za kupanga za Reynoldsburg, kitongoji chake, aligonga mlango alioelekezwa na jirani mmoja wa Mukabutera. Alifungua mwanamke kijana mwenye mimba ya miezi saba, macho yamevimba.

"Adolphine?"

"Ndiyo, dada. Nilijua mutakuja."

"Mbona hukuenda msibani?"

"Nitaendaje kwenye mazishi yangu?"

Alikaa kitandani akaeleza. Aliolewa mwezi wa tano, akahamia huku. Nafasi ya kiwandani haiachwi wazi. Ukiondoka, unamwachia wa nyumbani, pamoja na kadi. Hata katika kambi walifanya hivyo na zamu ya foleni ya maji: mtu wa kwenu akusimamie.

"Mama ana mugongo. Donc alibaki Jolie. Shule ilikuwa imefungwa. Tulisema mpaka mwezi wa nane tu."

"Rutebuka alijua?"

"Alimufundisha kuimba tangu iko mudogo. Atakosa kujua?"

Jemutai aliomba maji. Aliyanywa yote, akarudisha glasi, akaondoka.

Polisi wa Buffalo walikuwa wamemkamata Rutebuka katika duka la kutuma pesa la kaka yake, Grant Street. Ijumaa asubuhi, katika chumba cha mahojiano, Jemutai alimwekea mezani nakala ya picha ya kwaya na mfuko wenye nyuzi.

"Utepe wa funguo uko wapi?"

"Ulipotea."

"Katika picha hii unao. Jumanne saa nne una kamba ya kiatu."

Jemutai alisogeza mfuko wa nyuzi karibu naye.

"Nani alifunga kitufe?"

Rutebuka aliitazama picha, hasa safu ya mbele, ambako Jolie alisimama mwisho kabisa, mdomo wazi katikati ya wimbo.

"Mikono yake haikufika," alisema. "Alikuwa anaruka huku na huku kama mbuzi. Masini inakawia. Nilifunga ili asichoke."

"Ili asichoke."

"Na laini isisimame. Niko na watu ishirini na sita pale, wote wetu. Meneja alisema, mumoja akishindwa, analeta kampuni ingine ya wafanyakazi, tunaondoka wote. Nilifanya nini mimi?"

"Aliyesema mashine ioshwe ni nani?"

"Meneja. 'Osha kwanza, halafu piga simu.' Utepe nilikata mwenyewe kwa kisu."

"Ulimwona kila siku, Rutebuka. Mtoto wa kwaya yako."

"Mimi nilibeba mawe ya mgodi nikiwa na miaka minane. Walikuwa wananiita kijana." Alifuta uso kwa kiganja. "Pale kiwandani sikuona mutoto. Niliona mutu mufupi."

Alitia saini maelezo yake. Jemutai aliandika pia jina la meneja, akalipigia mstari mara mbili, ingawa alijua mawakili wake wataanza na ile kadi: kampuni ilidanganywa, kampuni inasikitika.

Akiwa kwenye gari alimpigia Mukabutera.

"Amekiri, mama. Nataka jina la cheti."

"Ukiandika Jolie, watafungua faili letu. Watanifukuzia Adolphine na mimba yake. Unaniahidi hawatafanya hivyo?"

"Siwezi kukuahidi."



"Kadi nilimvalisha mimi," Mukabutera alisema hatimaye. "Nilipunguza kamba yake, maana ilikuwa inamufika tumboni. Andika hiyo pia."

"Nimeandika."

"Mwanangu ni Jolie. Na usiweke ile Januari mosi yao, walitugawia sisi wote kambini kama blanketi. Alizaliwa tarehe kumi na saba, mwezi wa tatu. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa hapo."

Jumamosi Adolphine alishuka kwenye basi kutoka Columbus, akaingia kanisani mbele ya watu wote akiwa hai, akaketi kando ya mama yake. Hakuna aliyeimba kwa nguvu. Msalaba ulisomeka Jolie.

Kiwandani mashine ilikuwa imerudi kazini tangu Alhamisi. Juu ya kitufe cha kushoto walibandika tangazo jipya la kukataza kukifunga, kwa Kiingereza, kwenye kimo cha macho ya mtu mzima.