Mabuti ya Riikka

Jumamosi ya Novemba, Tauno alikuwa jikoni akinywa kikombe cha pili cha kahawa. Mkewe, Sirkka, alikuwa akikata mkate mweusi. Nje ilikuwa nyuzi kumi na sita chini ya sifuri. Mbwa alikwaruza mlango, akitaka kutoka.

Binti yao Riikka, wa miaka kumi na tisa, alikaa sakafuni akipambana na mabuti. Alikuwa amefaulu mtihani wa uwindaji mwaka huo huo. Leo angepewa kituo chake mwenyewe msituni, amngoje hirvi, yule mnyama mkubwa mwenye pembe pana kama makoleo.

"Baba, haya yananibana."

"Umevaa soksi ngapi?"

"Tatu, kama ulivyosema."

"Basi. Soksi nyingi, joto jingi. Kaka yako aliyavaa miaka miwili, mbona hakufa?"

"Kaka alikuwa na miaka kumi na mitatu. Miguu yake ilikuwa midogo."

"Riikka, baridi iko kichwani tu. Funga kamba, twende."

Sirkka alimtazama mumewe, kisha akaendelea kukata mkate. Ukimya huo aliujutia baadaye.

Huko msituni Tauno aliingia vichakani na mbwa kumtimua mnyama. Wenzake walisimama vituoni, kila mmoja na redio yake ya mkononi. Anayetembea hupata joto. Anayesimama hapati.

Saa ya kwanza vidole vya miguu ya Riikka viliuma. Saa ya pili maumivu yakaisha, naye akafurahi. Kisha akagundua kwamba hahisi vidole kabisa.

"Baba," alisema kwenye redio. "Sihisi vidole."

"Vichezeshe. Kituo hakiachwi."

"Nimevichezesha. Sivihisi."

"Vumilia, hirvi yuko karibu."

Wawindaji wote walisikia. Kwenye kituo kilichofuata alikuwa Kerttu, jirani yao, mama wa miaka sitini na tatu aliyefanya kazi ya kupima miti msituni kwa miaka thelathini. Kerttu hakumwomba mtu ruhusa. Alitundika bunduki begani akaenda kwa Riikka.

Riikka alipomwona, alipiga hatua chache kumfuata. Akakanyaga jiwe lililofunikwa na theluji. Buti lilikuwa limelegea juu kama soksi kuukuu, halikumshika. Kifundo cha mguu kikapinda, akaanguka.

Kerttu alimbeba mgongoni hadi kwenye kibanda cha wawindaji, akamvua mabuti. Soksi zilikuwa na unyevu. Vidole viwili vilikuwa vyeupe kama nta.

Tauno akaingia akihema. Alipoviona, alitoka nje akarudi na theluji mkononi.

"Iweke chini hiyo," alisema Kerttu.

"Marehemu baba alikuwa akisugua hivi hivi."

"Marehemu baba yako alizikwa na vidole vinane vya miguu. Iweke chini."

Tauno akaimwaga. Kerttu alichemsha maji, akayachanganya na ya baridi, akayapima kwa kiwiko mpaka yakawa vuguvugu. Akaitumbukiza humo miguu ya Riikka.

"Si bora nimsogeze kwenye jiko?" Tauno aliuliza.

"Hahisi kitu. Ataungua na hatajua."

Hisia ziliporudi, Riikka alilia kwa maumivu. Hawakumruhusu kukanyaga chini. Walimbeba hadi kwenye gari, wakampeleka zahanati.

"Vitapona," muuguzi alisema. "Lakini vitakuwa vinashikwa na baridi upesi maisha yako yote. Ungekaa nusu saa zaidi, ningekuwa nakuambia habari nyingine."

Nyumbani, Sirkka aliyachukua yale mabuti akayatupa nje kwenye theluji. "Atakayeyaokota tena, anieleze mimi."

Riikka alimgeukia baba yake. "Nilikuambia hapa jikoni. Nikakuambia kwenye redio. Mara mbili, baba."

"Sikujua kama ni hatari hivyo."

"Hukutaka kujua. Ulimjali mnyama kuliko miguu yangu."

Kwa wiki mbili baba na binti hawakula meza moja.

Kifundo kilipopona, Kerttu alikuja mchana. "Twende dukani. Mchana miguu imevimba kidogo, ndio wakati wa kupima. Beba soksi utakazovaa msituni."

Tauno aliwaendesha. Alisema atasubiri garini, lakini baada ya dakika chache aliingia na kusimama karibu na mlango.

"Ninavaa namba thelathini na nane," Riikka alimwambia muuzaji.

"Namba iache kwanza," alisema Kerttu. "Vaa soksi moja nyembamba ya sufu na moja nene juu yake. Pamba hapana, inakunywa jasho na kukaa nalo. Sasa ingiza mguu kwenye buti hili, simama. Vidole vinacheza?"

"Vinacheza."

"Basi. Kinachokupa joto ni hewa iliyokaa ndani ya sufu. Ukibana, hewa inatoka na damu haipiti. Soksi tatu ndani ya buti dogo ni sawa na kujifunga kamba."

Tauno aliinamisha macho.

Kutoka buti la pili Kerttu alichomoa kiatu cha ndani, kinene, cha sufu iliyoshindiliwa. "Hiki kinatoka. Ukirudi, kianike mbali na moto, asubuhi kiwe kikavu. Soli iwe nene, maana baridi inapanda kutoka chini." Kisha akabonyeza buti pande mbili za kifundo. "Hapa pawe pagumu. Funga kamba utembee. Kisigino kinapanda?"

"Hapana."

"Zunguka duka nusu saa. Kisha uyavae nyumbani wiki nzima kabla ya msitu."

"Na mimi ninayetembea na mbwa?" Tauno aliuliza kwa sauti ya chini.

Kerttu alimgeukia. "Wewe chukua mepesi zaidi. Yakiwa mazito utatoka jasho, na ukisimama jasho linakuwa barafu. Lakini kifundo kishikwe vilevile."

Wiki ya mwisho ya msimu, mwezi wa Januari, ilikuwa nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Riikka alitandika matawi ya msonobari kituoni, akasimama juu yake. Alikaa saa tatu. Hirvi alipojitokeza, miguu ya Riikka ilikuwa imara. Alipiga risasi moja tu, mnyama akaanguka.

Tauno alikuja akikimbia kwenye theluji. Alimpita mnyama bila kumtazama, akafika mbele ya binti yake.

"Vidole?"

"Vina joto."

Tauno alivuta pumzi. "Siku ile nilipaswa kuja mimi, si Kerttu."

"Ndiyo. Bado nina hasira nawe."

"Najua, mwanangu."

Riikka alitoa kisu kwenye ala, tayari kumpasua mnyama. "Shika miguu ya nyuma," alisema. Baba yake akapiga magoti, akaishika.