Pampu ya Maziwa ya Kingi

Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, saa kumi kasoro robo alasiri, wala si usiku kama wasemavyo watu wa mji wa Kitshanga, rafiki yangu Athanase, fundi umeme, aliingia katika ghala lenye giza la watengeneza jibini wa kilima cha Kingi. Kisanduku kinachoongoza mota ya pampu hakikupata tena ishara kutoka kwenye kipimo cha tangi, na mota ilikuwa imesimama.

“Papa Athanase, maziwa ya kilima kizima itaharibika,” alisema Mama Uwamwezi, mwenye jibini. “Ao unataka tukunywe mashanza, maziwa ya kuchacha, mwezi muzima?”

“Tulia, Mama. Iko waya tu.”

Aliuchomoa waya wa ishara kwenye kisanduku ili aupime. Mota ikaanza kunguruma. Watu hudai waya uligusa chuma. Haukugusa: aliushika mkononi, mbali na kisanduku, na bado kwenye kioo cha kisanduku namba ya ishara ilipanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.