Kiwiko cha Baba

Nyumba yetu ya zamani ilikuwa na ukuta ambao haukuwahi kuwa na rangi moja. Ulikuwa ukuta wa jikoni. Baba alikuwa fundi rangi, na kila rangi aliyoichanganya aliijaribu pale kwanza. Mama alilalamika kila siku. Lakini mgeni akija, alimwonyesha ukuta ule kwa fahari.

Siku hizo tulidhani baba hachoki. Asubuhi alikwangua rangi kuukuu, mchana akasukuma rola, jioni akarudi na madoa kwenye nyusi.

Kisha kiwiko chake cha kulia kikaanza kuuma.

"Uchovu tu huu," alisema. Akachua kwa dawa. Akafunga kitambaa. Akameza vidonge vya maumivu kama karanga. Miezi ikapita. Asubuhi moja alinyanyua kikombe cha chai, kikamponyoka, kikavunjika. Baba aliutazama mkono wake kama anamtazama mtu asiyemjua.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mama alisema kwa upole. "Leo tunakwenda kwa jirani."

Jirani huyo alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini. Tulimwita Shangazi Nyoosha, maana kila aliyekutana naye aliambiwa anyooshe kitu. Alibonyeza kiwiko. Baba akaruka.

"Kaka, mfupa ni mzima. Kilichoumia ni kano. Kano ni kama kamba inayofunga msuli kwenye mfupa. Umeivuta miaka ishirini bila kuipumzisha."

Alimpa mazoezi. Baba aliyafanya kwa miezi kadhaa. Maumivu yakapungua, lakini hayakuisha. Ndipo Shangazi akampeleka kwa daktari wa mifupa. Daktari alimpima, kisha akamweleza kuhusu sindano ya damu yake mwenyewe.

"Mnanitoa damu, halafu mnanirudishia?" baba aliuliza. "Si mngeiacha tu ilipokuwa?"

Daktari alicheka. "Tunachukua kidogo mkononi. Mashine inaizungusha kwa kasi mpaka itengane. Tunapata maji ya damu yenye chembe sahani nyingi. Ukijikata, chembe hizo ndizo husaidia damu kuganda na kidonda kupona. Tunaziingiza kwa sindano palepale kwenye kano."

"Nitapona?"

"Siwezi kukuahidi. Wengine hupata nafuu, wengine hawapati. Wataalamu wenyewe bado hawajakubaliana. Anayekuhakikishia, usimwamini."

Mama aliuliza kama kuna hatari.

"Damu ni yake, kwa hiyo mwili haukatai kwa urahisi. Lakini atasikia maumivu, na mara chache vidudu huweza kuingia. Bwana, umekuwa ukitumia dawa gani?"

Baba akataja vile vidonge. Daktari akamwambia aviache kwa muda, kabla na baada ya sindano, kwa sababu vingine huweza kuzuia kazi ya chembe hizo. Asiache dawa nyingine yoyote bila kuuliza.

Sindano haikuchukua muda. Lakini siku tatu zilizofuata kiwiko kiliuma kuliko mwanzo.

"Wameniua hawa!" baba alilia.

"Walikwambia kitauma," mama alijibu. "Tulia, baba watoto."

Majuma yale ya mapumziko ndiyo ninayoyakumbuka zaidi. Kwa mara ya kwanza baba alishinda nyumbani. Alitufundisha kuchanganya rangi kwa vijiti. Tulimfundisha nyimbo za shuleni, naye akazikosea makusudi. Shangazi alipomruhusu, akaanza mazoezi tena polepole, akinyanyua chupa ndogo ya maji. Akizidisha, mama alimnyang'anya chupa.

Mwezi wa nne baada ya sindano alirudi kazini. Kiwiko kiliuma kidogo siku za baridi, basi. Shangazi alisema huenda ni sindano, huenda ni mazoezi, huenda ni kule kupumzika. Yeye angesifu vyote vitatu. Tangu hapo baba alibadilisha mikono, alipumzika kila baada ya ukuta mmoja, na hakumeza kidonge bila kuuliza.

Alipaka rangi miaka kumi na mmoja zaidi, mpaka alipostaafu kwa hiari yake. Hadi leo ninapita mbele ya nyumba alizopaka. Nyingi zimeshapakwa upya na mafundi wengine. Mimi husimama kidogo hata hivyo, kwa sababu najua chini ya rangi hiyo mpya ipo rangi ya baba.