Mabawa ya Ndani

Asubuhi ile dada mtu aliingia kazini na chai yake, akafungua picha za nondo zinazotumwa na watu. Miaka kumi na miwili kazi yake pale makumbusho ilikuwa hiyo: kutazama picha na kutaja nondo wa aina gani. Picha ya saba ilitoka kwenye simu ya mdogo wake, aliyepotea siku mbili zilizopita akipiga picha za wadudu. Chai ikammwagikia.

Picha haikuwa na maneno. Nondo-chui mmoja, mweusi mwenye mistari myeupe, amefunga mabawa juu ya shati la buluu la mdogo wake.

Sasa, nondo-chui wa namna hiyo wako wa aina mbili, wanafanana kama pacha. Mwenye mabawa ya ndani ya njano hukaa mbugani. Mwenye mekundu hukaa kwenye mashimo ya chokaa tu. Dada huyu hakutaja jina kamwe kabla ya kuona mabawa ya ndani, hata mdogo wake alikuwa akimtania: "Dada, wewe hata mchumba utamwambia afungue mabawa kwanza!"

Lakini siku hiyo, jamani, moyo haukungoja. Alitazama mistari tu, akampigia polisi.

"Yuko mbugani, afande. Nina hakika."

Siku nne wakaichana mbuga. Hawakuona hata kiatu. Dada hali, halali, anapiga simu isiyopatikana. Siku ya nne asubuhi akaandika huku analia: "Mdogo wangu, nifungulie mabawa."

Picha ikaingia.

Nondo yuleyule. Vidole viwili vimemfungua. Kwenye kidole gumba, kovu la pasi. La mdogo wake.

Mabawa ya ndani yalikuwa mekundu.

"Nimemuua," alinong'ona.

Yeye na polisi walimkuta mchana huo ndani ya shimo la chokaa, mguu umevunjika. Amekufa tangu juzi.

"Tungeanzia huku tungemkuta hai," afande alisema polepole. Akatoa simu mfukoni mwa marehemu. Ilikuwa imepasuka vipande viwili. "Hii iliharibika alipoanguka. Picha ametuma nani?"

Dada alikuwa anatazama mkono wake mwenyewe. Kidole gumba na cha shahada vilijaa vumbi jekundu, lile la mabawa.

Akanawa. Akasugua kwa sabuni, kwa mchanga, mpaka damu; vumbi halikutoka. Kazi aliiacha zamani. Lakini mpaka leo ukimpa mkono, nenda kautazame wako.