Kaniki Iliyopauka

Mimi si mtu wa kutishwa na upuuzi. Muulize yeyote pale Chemchem. Hili la shangazi yangu Kuluthumu nalisema kama lilivyo, na atakayecheka acheke. Hata mimi nilicheka.

Mwaka ule wa Operesheni Vijiji shangazi alikuwa mtunzaji wa nyumba moja ya enzi za misafara, nje kidogo ya Tabora. Alilala humohumo, chumba cha uani. Kitu cha kuwaonyesha wageni kilikuwa kimoja tu: kaniki kuukuu, nyeusi, iliyofunika ukuta mzima wa sebule. Dirisha halikufunguliwa kamwe. "Jua linakula rangi," alisema. Wageni walichungulia, wakanuna.

"Tumetoka Urambo kuja kutazama giza?"

Bwana Damas wa ofisi ya makumbusho akaja na neno fupi: wageni wakizidi kupungua, nyumba inafungwa, na shangazi atafute pa kwenda.

"Shangazi," nikamwambia, "hiyo kaniki unaitunza au unaificha? Niachie mimi."

Nikafungua dirisha. Nikavuta kamba mbele ya kaniki, mtu asiisogelee. Wageni wakamiminika. Nilitembea kama waziri.

Kiangazi kilipokwisha, kaniki ilikuwa imepauka kama jivu. Isipokuwa chini, katikati. Hapo ilibaki nyeusi. Kichwa. Mabega. Magoti yaliyokunjwa.

"Nani alikaa hapa?" shangazi akanong'ona.

"Wageni tu."

"Ndani ya kamba? Kiangazi kizima?"

Nikaenda kuketi palepale, nimtanie. Mabega yangu yakaenea kwenye ule weusi. Ukuta wote ulikuwa moto kwa jua. Nilipoegemea, baridi.

Tulifunga dirisha. Asubuhi ule weusi haukuwepo. Jivu tupu.

Bwana Damas alipoiona kaniki, alifunga nyumba. Shangazi akahamia kijijini, upande wa Sikonge. Nilimfuata msimu wa kuchuma tumbaku, nikamkuta shambani, mchana kweupe, ameinama. Gauni lake la buluu lilikuwa limepauka lote. Isipokuwa mgongoni. Hapo buluu ilikuwa mpya. Kiwiliwili kizima. Mikono imepita mabegani. Miguu imezunguka kiuno.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Mabruki. Ngoja ninyooke, baba. Mgongo huu!"

Siku hizi kabla ya kuketi huchuchumaa kwanza, taratibu, mikono nyuma, kama anayeshusha mtoto. Ukimuuliza anamshusha nani, anakushangaa. Hajawahi kuzaa.