Dawa Isiyopata pa Kushika

Lifti ya jengo la maduka ilikwama katikati ya ghorofa mbili, watu wamebanana ndani, na dada mmoja mwenye gauni la njano akaanza kuhema. Mikono ilimtetemeka hadi mkoba ukamponyoka. Ndipo sauti ya mwanamume ikapenya kwenye upenyo wa mlango.

"Dada unayehema hapo, tulia. Pumua. Breki ndiyo imewashika, hamwanguki."

Mabega yakamshuka yenyewe. Mlango ulipofunguka akamwona fundi wa lifti: ovaroli ya bluu, grisi hadi sikioni, na tabasamu la mtu anayejua kuwa anapendeza.

"Asante, kaka."

"Asante tupu? Hata namba ya simu hakuna?"

Namba akaipata. Aliposikia kwamba dada huyo anafanya kazi maabara, anatunza panya wa utafiti, akambandika jina. Kila jioni alimpigia.

"Mama Panya, wanao wamelala?"

"Wamelala. Mimi ndiye roho inanienda mbio."

"Nani tena kakuchokoza?"

"Bosi."

"Achana naye. Tulia, mpenzi. Pumua."

Naye alitulia. Tangu utotoni alikuwa mtu wa hofu, na hakuna kitu kilichowahi kumshusha pumzi kama sauti ile.

Kisha fundi akapelekwa mji mwingine kufunga lifti. Wiki hiyohiyo maabara ikapokea panya wapya, waliozaliwa bila jeni ya vipokezi vinavyoziambia seli za ubongo, "Basi, inatosha." Ili wasishtuliwe, simu zote zikawa zinaachwa kwenye kabati la nje. Jioni fundi akipiga, simu inalia kabatini. Dada akitoka akampigia, fundi yuko kwenye shimo la lifti, hakuna mtandao. Wakapishana hivyo hadi fundi akajiaminisha kwamba mwenzake kapata mwingine. Hakuuliza. Akabadilisha laini, kichwa ngumu yule, na dada akabaki anapigia namba iliyokufa.

Aliteseka, tusidanganyane. Alikonda, akawa anashtuka hata mlango ukigongwa.

Kazini nako kulikuwa na maajabu. Wote walingoja panya wale wapate degedege. Wapi! Walipopimwa usawa wa mwili, walitembea juu ya fimbo inayozunguka bila kuanguka, kama ndugu zao wazima, kwa sababu ubongo wao, ulipokosa breki moja, ulijitengenezea nyingine pengine. Kilichowaumbua ni sindano moja tu. Ukiwadunga dawa ya kutuliza, ndugu zao wanasinzia, wao wanakukodolea macho. Vipokezi hawana, dawa haipati pa kushika.

Dada naye alijipatia njia zake. Jioni alifua koti lake jeupe kwa mkono, akiimba puani, na pumzi ikashuka. Mwanzoni kwa shida, baadaye bila hata kufikiri.

Mwaka ulipopita, fundi akamngoja kwenye korido nje ya maabara, shati limenyooka kwa pasi, pete mkononi.

"Nilikutana na dada yako mkubwa, akanieleza habari ya simu na kabati. Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa."

"Nilidhani una mtu."

"Si ungeuliza?"

"Niliogopa jibu. Nisamehe, Mama Panya. Nataka nikuoe."

Mikono ikaanza kumtetemeka. Fundi aliiona, akafurahi, akaishika.

"Tulia, mpenzi. Pumua."

Dada akafumba macho, akasubiri mabega yashuke. Alitamani yashuke. Alikuwa bado anampenda.

"Sema tena."

"Tulia, mpenzi."

"Tena. Kama siku ile kwenye lifti."

"Dada unayehema hapo, tulia. Pumua."

Ilikuwa sauti ileile, tamu vilevile, nayo ikampita. Kisha akajisikia anaimba puani, taratibu, bila kukusudia, na mikono ikatulia yenyewe.

"Unaona?" fundi akacheka kwa furaha. "Bado naweza."

Dada akaichomoa mikono yake.

"Nimekusamehe, kweli. Lakini siwezi."

"Kwa hiyo yupo mwingine?"

"Hayupo. Afadhali angekuwepo, ungekuwa na wa kumlaumu."

Fundi akatia pete mfukoni, akaifuata lifti. Milango ilipojifunga, dada alifungua kabati, akachukua simu yake, akaweka kiganja kifuani. Moyo ulikuwa unapiga polepole, haukushtuka hata kidogo. Hapo ndipo alipolia.